Nilivyozunguka Ziwa Kumtafutia Adhiambo Ukoo

Tangu nirudi sijapiga picha hata moja kwa utulivu. Kila anayeingia studio anakaa kwenye kiti, ananyoosha shingo, halafu badala ya kufunga mdomo anauliza: Mzee, kulikuwaje huko? Kamau wa viazi ameuliza mara tatu. Mama Nekesa wa vyungu ameniuliza mpaka uji ukapoa mkononi mwangu. Basi nimenunua daftari, nimeketi, naandika mara moja kwa wote, na atakayeuliza tena nitampa asome. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachogombania bei hapa Kibuye, na kwa sababu Kijaluo kimemshinda Kamau miaka kumi na miwili. Shule niliacha darasa la pili. Kama herufi zangu zinakwenda upande, zifuateni tu, zitafika.

Adhiambo mnamjua. Ndiye anayeosha picha zangu kwenye chumba cha giza, huu mwaka wa nne, na mkiona sura zenu hazina madoa mshukuruni yeye. Mama yake alifariki zamani kidogo. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, jina lake Ochieng', aliyekaa Ahero miaka miwili akaondoka Adhiambo hajaota meno. Alichoacha ni neno moja tu, kwamba yeye ni mtu wa Alego, sehemu yenye koo nyingi.

Sasa mwalimu Ouma, kijana wa Gem, anataka kumwoa. Wazee wake walikuja nyumbani kwangu, wakala vizuri, wakauliza swali moja: binti huyu ni wa ukoo gani? Kwa nyinyi ambao si Wajaluo nitaeleza. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wa baba yake. Hata kama mababu waliachana zamani sana, yule bado ni dada yako, na watoto mtakaozaa hawatakuwa na pa kusimama. Wazee walikuwa wametuma mtu Alego, akatembea wiki nzima, na hakuna mlango hata mmoja uliomjua fundi huyo. Wakatupa mwezi mmoja. Ukipita bila jibu watamtafutia Ouma msichana mwingine, mwenye baba.

Wajomba wa Adhiambo walisema mambo ya fundi hayawahusu. Mke wangu ndiye aliyenimaliza. Alisema, "Kila siku unajisifu kwamba unajua nyuso za watu. Nenda basi utafute mmoja."

Nikafunga kamera kwenye sanduku lake la mbao, nikabeba na ile miguu yake mitatu, mimi na Adhiambo tukaondoka.

Kisumu mpaka Ahero

Kwa mtu mzima Ahero si mahali pa kuitwa safari. Lakini mwaka huu mto Nyando uliamua kulala barabarani. Basi letu lilifika kwenye maji likasimama, dereva akashuka, akatazama, akarudi kwenye kiti chake akala ndizi. Tulimsubiri amalize kufikiri. Hakuwa anafikiri. Alikuwa anakula ndizi.

Mchana ikaja trekta ya mashamba ya mpunga ikivuta tela, ikaanza kuvusha watu. Nilipanda na sanduku kichwani kwa sababu kamera ikilowa mimi ni maskini wa kawaida. Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye bata sita. Akauliza nimebeba nini. Nikamjibu kwa kifupi kwamba nimebeba nyuso za watu. Alichukua bata wake mmoja mmoja akahamia upande wa pili wa tela, na hakunitazama tena mpaka tunashuka.

Ahero tulikula wali mpya na kamongo, yule samaki anayeishi matopeni. Kamau, wewe utasema ni nyoka. Ni shauri lako, fungu lako tuligawana.

Mwenye mashine ya kusaga ni mzee mnene aliyejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alimkumbuka Ochieng' mara moja. Alisema hajaona fundi mwingine kama yule, alikuwa akiweka sikio kwenye chuma kama daktari, anasikia ugonjwa uko wapi. Ukoo je? Alisema Alego. Lakini kuna siku alikuja mtu wa Alego kweli kusaga mtama, akamsalimia Ochieng' kwa kumwuliza ni mwana wa nani. Ochieng' akasema mkanda wa mashine umetoka, akajificha nyuma ya mashine mpaka mtu yule akaenda zake. Mkanda haukuwa umetoka.

Adhiambo akauliza kama baba yake aliaga.

"Alisema anakwenda Kendu Bay kununua mkanda mpya," mzee akasema.

"Akaununua?"

"Binti yangu, huo mkanda nausubiri mpaka leo."

Nilidhani atalia. Alicheka, na mzee akacheka, na unga ukamdondoka kutoka kwenye nyusi. Mimi ndiye ambaye sikucheka. Nilianza kutunga hotuba ya kumwambia Ochieng' nikimpata.

Ahero mpaka Kendu Bay

Kesho yake tulipata lori la mchanga, tukafika Kendu Bay saa ya chakula tukiwa na rangi moja, watu na lori. Pale kwenye mashine walituonyesha nyumba iliyo juu ya soko. Walisema kuna familia inayomjua sana fundi huyo. Walivyotazamana waliposema hivyo ningepaswa kuelewa, lakini nilikuwa na njaa.

Nilitangulia mimi, sanduku begani. Adhiambo alibaki nyuma akijipangusa vumbi. Uani palikuwa na bibi mmoja akikoroga mboga. Aliinua macho, akaniona, akaona sanduku. Sikupata hata nafasi ya kubisha hodi. Mwiko wa kwanza ulinipata kwenye bega, wa pili kwenye kofia, na mboga ilikuwa ya moto. Alikuwa anasema umerudi, umerudi na vyuma vyako, mkanda umepatikana leo? Nikaelewa kwamba mkanda ule ulisafiri sana. Nilipiga kelele kwamba mimi ni mpiga picha wa Kisumu, mwenye nyumba ya matofali, lakini bibi yule alikuwa ameningoja miaka ishirini na hakuwa tayari kukosea mtu.

Aliyeniokoa ni msichana aliyetoka ndani na karai la samaki. Aliona mzee anapigwa, akaweka karai chini taratibu, akashika mkono wa bibi. "Dani," akamwambia, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, "huyu ni mfupi mno. Mama alisema yule alikuwa mrefu."

Bibi akanitazama upya, kwa huzuni ya kuharibu mboga. Wakati huo Adhiambo akaingia uani.

Mimi naishi kwa nyuso. Najua kwamba macho hudanganya, na paji la uso hubadilika na shida za mtu, lakini kuanzia puani mpaka kidevuni ni kazi ya aliyekuzaa. Wasichana wale wawili walikuwa na kidevu kimoja, chenye kishimo kilichokaa kidogo kushoto. Bibi aliona kabla yangu. Mwiko ukamponyoka.

Msichana yule anaitwa Awino. Anakaanga samaki aina ya ngege na kuuza gatini, na sauti yake inafika kwenye meli kabla meli haijafunga kamba. Baba yake aliondoka yeye akiwa tumboni. Niliwakalisha kwenye benchi pamoja, bega kwa bega, nikawapiga picha, na Awino hakuweza kutulia. Kila nilipoinama kwenye kamera alikuwa amegeuka kumtazama Adhiambo.

"Miaka yote nimeambiwa kidevu hiki ni cha mbuzi," alisema. "Kumbe tuko wawili."

Tulikula pale kama watu wa nyumbani, na bibi alinipa kichwa cha samaki kwa ajili ya bega langu. Ilikuwa furaha tupu mpaka nilipouliza fundi aliwaambia ni mtu wa wapi.

Bibi akasema bila kusita kwamba alikuwa mtu wa Gem, wa ukoo wa Kobilo.

Adhiambo aliacha kutafuna. Mwalimu Ouma ni mtu wa Gem, wa Kobilo.

Kendu Bay mpaka Asembo

Watu wa mashine walikuwa wamesikia kwamba Ochieng' alivuka ng'ambo, Asembo. Meli ilitakiwa kuja Jumanne, ikaja Jumatano, na siku ile ya katikati ilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Adhiambo alisema turudi. Kama ni Kobilo, Ouma ni kaka yake na mambo yamekwisha, hakuna haja ya kwenda kumtazama mtu usoni ili akwambie hivyo. Nilimwambia fundi huyo amesema Alego na amesema Gem, na mtu hawezi kutoka kote kuwili. Akasema huenda moja ni kweli, na huenda ni hii.

Awino alikuwa amefunga nguo zake kwenye kitambaa bila kualikwa na mtu. Alisema, "Ikiwa ni Gem, mimi nimepata ukoo na wewe umepoteza bwana. Tutagawana vipi? Twende tukaulize vizuri." Tukapanda.

Tulikaa sitaha ya chini, kati ya mikungu ya ndizi na baiskeli. Baharia mmoja alituuzia chai yenye ladha ya dizeli. Upepo ulikuwa mzuri, vilima vya Homa vilikuwa vinarudi nyuma, na nikiwa na wasichana wawili pembeni nilijisikia mkubwa. Nikaanza kuwaeleza kwa sauti nitakavyomwambia Ochieng', neno kwa neno, kwamba mwanamume anayezaa na kukimbia hana tofauti na mwizi.

Awino alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe Mzee, hukuwahi kumwacha mtu?"

Nataka hili nililoandika hapa msiliseme mbele ya mke wangu, ingawa yeye analijua kuliko mimi. Nilikuwa Kampala miaka saba, nafagia studio ya Mhindi na kuiba ufundi kwa macho. Miaka saba sikuandika barua kwa sababu sikujua kuandika, na sikutuma mtu aandike kwa sababu niliona aibu. Niliporudi, binti yangu Rispa alikuwa na miaka minane. Aliponiona alikimbilia nyuma ya ghala, na ilichukua mavuno mawili kabla hajanipa maji kwa mkono wake. Niliwaeleza hivyo. Hotuba yangu ikabaki nusu, na tukamaliza chai ile ya dizeli.

Asembo hatukuhangaika kutafuta. Sasa tulikuwa tunajua la kuuliza: ni nyumba gani ina msichana mwenye kishimo kidevuni? Watu wakatupeleka ufukweni kwa Apondi, anayeshona nyavu za wavuvi. Ana miaka kumi na saba. Vidole vyake vinakwenda hata akikutazama wewe. Alitusikiliza, akawatazama dada zake mmoja baada ya mwingine kwa muda, akavuta mabunda mawili ya nyuzi akawapa wakalie. Alisema mama yake aliambiwa kwamba fundi ni mtu wa Sakwa.

Nilipiga kofi kwa furaha mpaka wavuvi wakageuka. Alego, Gem, Sakwa. Mtu huyu alikuwa anabadilisha ukoo kama mimi ninavyobadilisha pazia la nyuma ya kiti, leo milima, kesho bustani. Adhiambo alipumua kwa mara ya kwanza tangu Kendu Bay.

Tulimwomba Apondi twende pamoja. Habari ilikuwa Ochieng' yuko Port Victoria, si mbali tena. Alikataa.

"Nyinyi mnamtafuta kwa sababu mnataka kitu," alisema. "Mimi sitaki kitu."

Nikamwomba basi nimpige picha. Akakubali, akasimama, akatazama ziwa, akanipa mgongo. Nikamwambia ageuke. Akasema, "Piga hivyo hivyo, Mzee. Mgongo ndio aliomwonyesha mama yangu. Mpelekee na yeye auone."

Nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na haina uso.

Asembo mpaka Port Victoria

Tulipanda juu ya magunia ya pamba kwenye lori mpaka Usenge. Nawaambia, mfalme hana kitanda kama kile. Awino alilala njia nzima na alipoamka nywele zake zilikuwa za bibi wa miaka mia.

Kutoka Usenge ni mtumbwi wa injini. Sijui kuogelea na sikutaka wasichana wajue, kwa hiyo nilikaa katikati nikishika sanduku kama vile nalilinda. Karibu na mafunjo nahodha akazima injini. Viboko watano walikuwa wanavuka mbele yetu bila haraka. Tulisubiri saa nzima. Awino akaanza kuwaita viboko wazee wa Gem, wale aliosimuliwa na Adhiambo: huyu mnene ndiye msemaji, yule wa nyuma ndiye anayeuliza maswali. Adhiambo alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, nahodha akagomba, mimi nikasali.

Port Victoria ina harufu ya samaki na kelele ya mashine. Tulifuata kelele.

Alikuwa ameinama ndani ya injini, mikono yote miwili imezama mpaka kwenye viwiko, mafuta kila mahali. Mrefu kweli, mvi kichwani. Wanawake kama kumi walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Alihisi kivuli chetu, akasema bila kugeuka, "Mahindi wekeni upande huu."

"Hatukuleta mahindi," Adhiambo akasema. "Mimi ni Adhiambo wa Ahero. Huyu ni Awino wa Kendu Bay."

Alizima mashine. Ukimya ulishuka kwenye soko lile kama mtu amefunika sufuria. Aligeuka, na kidevu kile kile kikatutazama, na kishimo chake. Wanawake wa foleni nao walikuwa na macho. Mmoja alianza kunung'unika kuhusu unga wake, mwingine akamkanyaga mguu.

Hotuba yangu ilikuwa tayari, nusu iliyobaki. Nikafungua mdomo. Nikaona mikono yake inavyotafuta kitambaa cha kujifutia na hakioni, na kitambaa kiko begani mwake. Nikafunga mdomo.

Alitupeleka nyumbani kwake, nyumba ya udongo karibu na maji. Nje mama yake, kikongwe, alikuwa ameketi kwenye mkeka akianika omena, dagaa wa ziwani, na kufukuza kunguru kwa fimbo. Tulipewa chai. Nilimweleza Ochieng' jambo lote, wazee wa Gem, mwezi mmoja ambao sasa ulikuwa umebaki siku tisa. Nilimpa pia salamu za Apondi, zile za mgongo. Aliinamisha kichwa akazipokea. Kisha nikamwuliza yeye ni wa ukoo gani.

"Sakwa," akasema.

Nikamwambia Sakwa alikuwa kule Asembo, na Gem alikuwa Kendu Bay, na Ahero alikuwa Alego, na mimi nimekaa juu ya trekta, nimepigwa na mwiko, nimesubiri viboko, kwa hiyo afikirie tena kabla hajajibu.

Aliposema aliongea na wasichana, si mimi.

"Sijui," alisema. "Nilikulia kwa wajomba zangu. Waliniambia baba yangu alikimbia kabla sijazaliwa. Kila nilipokwenda na vyuma vyangu, watu wananiuliza mimi ni mwana wa nani. Nitajibu nini? Nilitaja mahali palipokuwa mbali. Halafu watoto wanakuja, na najua siku moja watu watakwenda huko kuuliza. Kabla hawajaenda, mimi naondoka."

Awino alikuwa na maneno mengi ya kumwambia na aliyasema yote. Siyaandiki. Alistahili kuyasikia na aliyasikia. Niliona uso wa Adhiambo ukizima, maana sasa hakuna jibu hata la uongo. Angeweza kuwa wa ukoo wowote, hata wa Kobilo. Nilianza kufikiria nitakavyowaambia wazee.

Kumbe hakuwa amezima. Aliinuka, akaenda nje, akaketi kwenye mkeka kando ya kikongwe, akachukua fimbo akafukuza kunguru. Akamwuliza, "Dani, baba yake huyu alikuwa nani?"

Kikongwe akamjibu kama mtu anayeulizwa bei ya omena. "Ogola wa Ochuka, mtu wa Ugenya. Ukoo wa Kang'iro."

Ochieng' alikuwa amesimama mlangoni. Chai ilimmwagikia mguuni na hakusogea.

Kikongwe alieleza yote pale pale, huku akigeuza omena. Ogola alikuwa ameanza kuleta ng'ombe wa mahari, wawili wameshafika, na yeye kikongwe tayari ana mimba. Vita vya Wazungu vikaja. Watu wa chifu walimkuta Ogola juu ya paa la nyumba anaezeka, wakamteremsha wakampeleka kwenye jeshi la wapagazi, wale tunaowaita Kariokoo, akabebe mizigo Tanganyika. Hakurudi. Kaka zake kikongwe wakamchukua, na mtoto alipozaliwa wakasema baba amekimbia, kwa sababu mtoto wa aliyekimbia ni wa kwao, na mtoto wa Ogola angedaiwa na Ugenya. Walimwapisha anyamaze. Wa mwisho wao alikufa mwaka jana.

"Na mwaka huu mzima, mama?" Ochieng' aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mbona hukuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza alikuwa nani," akasema. "Uliuliza tu kwa nini alikimbia. Hilo sikuwa na jibu lake. Hakukimbia."

Port Victoria mpaka Ugenya

Kesho yake mashine ya Port Victoria haikusaga. Ochieng' alikuja na sisi, mara hii akawaambia wanawake wa foleni ukweli wa anakokwenda, na mmoja akamwambia tunakungoja kwa fimbo.

Basi liliharibika mara mbili. Mara zote mbili aliingia chini yake na likatembea. Awino hakumsamehe, lakini alimshikia taa.

Ugenya tuliuliza watu wa Kang'iro, tukaelekezwa mpaka kwenye boma moja kubwa. Alitoka mzee kipofu, mdogo wake Ogola, wa mwisho kuzaliwa. Nilitaja jina la kaka yake. Alinyoosha mikono hewani. Ochieng' akapiga magoti, mzee akaupapasa uso wake kuanzia juu, akafika kidevuni, kidole kikaingia kwenye kishimo, kikasimama hapo.

Wanawake walianza vigelegele kabla hajasema neno. Walituonyesha kaburi upande wa boma. Ogola aliposubiriwa na hakuja, walimzikia tunda la mti uitwao yago, refu kama mkono wa mtu, kama desturi yetu ilivyo kwa aliyekufa mbali bila mwili kuonekana. Walimzika kama mtu asiye na mtoto. Sasa mtoto wake, mwenye mvi, alikuwa amesimama pale na binti wawili, na boma zima linawagusa mikono na kuwaita wasichana wetu. Nilipiga picha mpaka filamu ikaisha. Nilichinjiwa jogoo. Sijawahi kula jogoo kwa furaha namna ile.

Tulipoaga, Ochieng' alimwambia Adhiambo kwamba atakuja Kisumu siku ya ng'ombe wa mahari, akae kwenye kiti cha baba.

Adhiambo alimwambia, "Mama yangu hukumpelekea hata kamba ya ng'ombe. Kiti hicho usikikalie. Lakini njoo ule."

Akasema atakuja.

Nyumbani

Wazee wa Gem walifika siku waliyosema, wanne, msemaji wao yule mnene mbele. Nilikuwa nimevaa koti. Nilikuwa nimejipanga kuanzia Ahero, trekta, mwiko, kila kitu, maana mtu akizunguka ziwa kwa gharama ya bega lake ana haki ya kusikilizwa. Chakula kiliwekwa mezani. Mzee mnene akauliza, "Haya, Mzee Picha, umerudi na nini?"

Nikasafisha koo. Adhiambo alikuwa ameingia na birika na beseni kunawisha wageni mikono, kazi ambayo msichana huifanya bila kufungua mdomo. Akamwagia mzee mnene maji kidogo, mzee akapaka sabuni, akanyoosha mikono yake yenye povu asubiri maji mengine. Maji hayakuja. Birika lilikuwa limesimama hewani.

"Mimi ni Adhiambo wa Ochieng'," alisema, "wa Ogola aliyekwenda na Kariokoo, wa Ochuka. Ni mtu wa Ugenya, ukoo wa Kang'iro."

Mke wangu alitoka jikoni akasimama. Mimi koo langu likabaki limesafishwa bure.

Mzee mnene hakukasirika. Alianza kuhesabu kwa vidole vile vya sabuni, akimtafuta wa Kang'iro kati ya bibi zake, mama zake wadogo, wake wa kaka zake, akiwatazama wenzake kila alipofika kwenye kidole, na wao wanatikisa kichwa. Vidole kumi vikaisha. Akarudia tangu mwanzo, na povu limeanza kukauka.

"Kang'iro," alisema mwishoni. "Hatujawahi kuoa huko, wala wao kuoa kwetu. Basi binti, wewe ni mtu wa mbali."

"Mbali sana, baba," Adhiambo akasema, akammiminia maji.